Kinyozi Angekuwa Njia

Nasonya kwanza, ndipo nianze, msije mkasema hamkuonywa.

Jumamosi ile tulikuwa pale pale petu nje ya kwa kinyozi, Forest Gate, mashariki ya London: viti vinne vya plastiki, ndoo moja iliyofudikizwa kwa ajili ya anayechelewa, chupa ya chai ya tangawizi, na mfuko wa maandazi ya mama wa sambusa, ambaye siku hiyo sambusa zilimgomea. Jua lilikuwa limetoka. Si lile jua la maonyesho la mwezi wa tatu, linalong'aa huku upepo unakukata masikio. Jua la kweli, la kuvua koti. Waingereza walikuwa wamejitandaza kwenye kila kipande cha majani kama dagaa uanikoni. Nikauliza swali la kawaida tu: kesho Jumapili, nani ana ofu, na ataipeleka wapi?

Dereva wa basi akasema analala. Sawa, huyo anaamka saa tisa za usiku, usingizi ni haki yake. Bwana mdogo wa chuo akasema anakwenda Westfield, pale Stratford. Kununua nini? Hanunui kitu, anakwenda kutembea. Jamani! Jua lenyewe hapa linakuja kwa mgao kama umeme, wewe unalikimbia ukatembee ndani ya duka. Mama wa sambusa akasema ana kikao cha harusi kwenye Zoom. Lakini aliyenimaliza ni kinyozi mwenyewe. Alizima mashine, akaipuliza nywele kwenye meno, akatamka: "Mimi nina miaka 20 mji huu, sijaona sababu ya kutoka nje ya mji, labda nikienda Heathrow."

Na Heathrow yenyewe iko ndani ya London! Kwa hiyo mtu huyu, ukiondoa siku anazopanda ndege, hajatoka.

Nikamuuliza, "Epping je?"

"Epping ndiyo nini?"

"Si unaiona kila siku Stratford, imeandikwa kwenye kipaji cha treni ya mstari mwekundu?"

"Aa," akasema, "ile! Nilidhani ni gereji ya treni."

Hapo ndipo niliposonya msonyo wa kwanza, ule mrefu, mpaka mbwa wa jirani akageuka.

Sijitoi, mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Sisi wabeba boksi tunaijua London kama mende anavyolijua jiko: njia kati ya kitanda na chakula. Nimefanya kazi ya kulea wazee miaka mingi, na aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa Kiingereza niliyekuwa namhudumia, miguu imeshakataa lakini ulimi mzima kabisa. Siku moja akanipa ramani yake ya zamani, zile zenye jalada la rangi ya machungwa, akasema niende nikatembee badala yake, nikirudi nimpe ripoti. Nikadhani ni maneno ya uzee. Jumatatu nilipoingia hakuniuliza habari za asubuhi, aliuliza kama geti la tatu baada ya kanisa bado linaburuza chini. Nikaona aibu. Jumapili iliyofuata nikaenda kuliangalia. Linaburuza.

Ramani hizo, kwa taarifa yenu, zinachorwa na shirika la serikali lililoanza 1791, wakati Waingereza wanaogopa Wafaransa watawavamia. Zilikuwa za wanajeshi. Leo zimo mikononi mwa wastaafu wenye fimbo mbili na mbwa mmoja. Sentimita 4 za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, na juu yake imetapakaa mistari ya kijani iliyokatikakatika kama mishono ya fundi mvivu. Kila mshono ni njia ya miguu. Njia ya umma, inayokatiza shamba la mtu, na mwenye shamba hana la kukwambia.

Rudieni hapo. Mwingereza, huyu anayeweka uzio kuzunguka ua moja, anayegombana na jirani yake miaka saba kwa sababu ya tawi, huyu huyu ukikatiza katikati ya ngano yake analazimika kukutazama tu. Uingereza na Wales zina kilomita kama 225,000 za njia za namna hiyo. Mkulima akilima juu ya njia inayopita katikati ya shamba, sheria inampa siku 14 kuirudisha ionekane, upana wa mita moja angalau. Wewe upite kwa raha zako na maandazi yako.

Na ng'ombe? Bwana mdogo aliuliza, maana huyo hata paka anamwogopa. Nikamwambia ng'ombe nao wana sheria yao, ya mwaka 1981, na hii nilipoielewa nilicheka peke yangu ndani ya basi. Dume la ng'ombe wa maziwa lililozidi miezi kumi ni marufuku kabisa kuachwa kwenye shamba linalopitiwa na njia ya watu. Dume la ng'ombe wa nyama linaruhusiwa, mradi liwe limefuatana na majike. Maana yake Bunge la Uingereza lilikaa kikao, likapiga kura, likapitisha kwamba dume kapera ni hatari kwa usalama wa raia.

Kijiwe kizima kikageuka kumtazama dereva wa basi, ambaye hajaoa. Akasema yeye yuko kundi la nyama.

Sasa sikilizeni ile iliyonifanya nimwambie kinyozi aketi chini. Ukiacha njia zilizochorwa kwenye ramani, kuna sheria ya 1980 inayosema: watu wakipita mahali miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, njia hiyo inahesabiwa ni ya umma, isipokuwa mwenye ardhi awe ameonyesha mapema kwamba hakukusudia, kwa mfano ameweka kibao. Na sharti ni kwamba wawe wamepita bila nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa. Ndiyo, bila ruhusa! Ukibisha hodi, ukaomba kwa adabu, ukakubaliwa, basi umejiharibia, maana ulipita kwa hisani ya mtu. Anayepita kimya kimya mchana kweupe kama mwenye haki, ndiye mwenye haki.

"Miaka 20," nikamwambia kinyozi. "Bila fujo, bila kujificha. Ungekuwa njia, ungeshasajiliwa."

Hakucheka. Kila mtu pale ana hadithi yake ya makaratasi ya uhamiaji, na wengine miaka hiyo waliihesabu kwa siku. Akamimina chai. Kisha akasema polepole, "Kumbe njia ina bahati kuliko mimi." Tukaliacha likapita.

Mjue basi kisa cha mtaa anaokaa. Forest Gate maana yake ni Lango la Msitu. Kinyozi amelipa kodi ya pango langoni miaka 20 na siku moja hakujiuliza: msitu gani? Lango la nani? Lilikuwepo lango la kweli hapa, la kuzuia ng'ombe waliokuwa wakichungwa msituni wasitoke wakaingia barabara kuu. Msitu wenyewe ni huo huo wa Epping. Na haujakwenda mbali. Ule uwanja mpana wa Wanstead Flats, ambako tumecheza mpira na kuchoma nyama na kugombana penalti, kisheria ni sehemu ya msitu. Unaanzia huku Manor Park, karibu na sisi, unapanda kaskazini kama kilomita 19 hadi ng'ambo ya Epping yenyewe. Hekta zipatazo 2,400, kubwa kuliko vitongoji vingi mnavyovijua.

"Sasa kama ni msitu, mbona mji haujaumeza?" akauliza mama wa sambusa. Swali la mwenye akili. Mji huu umemeza vijiji vyote vilivyouzunguka, mbona msitu huu uliukwama kooni?

Jibu ni kuni.

Pale Loughton, vituo kadhaa kabla ya Epping, wanakijiji walikuwa na haki ya kale ya kukata matawi kwa kuni za baridi, kuanzia usiku wa 11 Novemba hadi 23 Aprili. Si kukata mti, matawi tu, na juu ya kimo cha mnyama, ili machipukizi yasiliwe na ng'ombe na paa. Mti unakatwa kichwa, unachipua, unakatwa tena baada ya miaka, na kwa jinsi hiyo unaishi karne na karne. Ukiingia msituni leo unaikuta miti hiyo, ya kale zaidi ya 50,000, shina fupi nene kama pipa, juu matawi yamefumuka kama nywele za mtu aliyeamshwa. Kinyozi ataielewa vizuri kuliko mimi: ni vichwa vilivyokosa kunyolewa tangu karne ya 19.

Miaka ya 1860 mwenye ardhi wa Loughton akauzungushia uzio msitu wa eneo lake akitaka kuuza viwanja. Mwenye ardhi huyo ndiye pia aliyekuwa mchungaji wa kanisa la kijiji, basi wakulalamikie kwa nani? Alikuwepo mzee mmoja, mkata kuni, Thomas Willingale. Wenyeji wanasimulia kwamba usiku wa Novemba mwenye ardhi aliwaandalia wakata kuni karamu na pombe nyingi, maana haki ilikuwa haina budi kuanzishwa usiku wa manane, na ikikosa mtu wa kuianzisha, imekufa. Wenzake wakanywa. Willingale akatazama saa, akatoka na shoka, akarudi na tawi, akaliweka mezani mbele ya mwenye karamu. Sijui nani alikuwepo kushuhudia, lakini kama ni uongo, ni uongo wenye sura ya ukweli. Ambalo si hadithi ni kwamba 1866 jamaa zake walitiwa jela kwa kukata matawi. Kwa kuni, jamani. Waulizeni mama zetu waliofukuzwa na bwana miti kule Pugu na mzigo kichwani kama kisa hicho ni kigeni.

Kesi ikapamba moto. Mzee akafa 1870 haijaisha. Waliokuja kuimaliza ni wenye Jiji la London, wale wa mabenki na makoti ya manyoya, na walipata wapi kiguu cha kusimamia mahakamani? Makaburini! Walikuwa wamenunua shamba huku Aldersbrook, tunapozikia hadi leo, kulifanya makaburi ya Jiji, na shamba lile lilikuwa na haki ya kulisha ng'ombe popote msituni. Kwa hiyo kwa sababu ya wafu wao wakahesabiwa ni wafugaji. Wakashitaki kama wafugaji. Mwaka 1874 jaji akasema nyua zote zile ni batili, na 1878 ikaja sheria kwamba msitu wa Epping usijengwe wala kuzungushiwa uzio, uwe wa watu kujiburudishia. Malkia Victoria akaja mwenyewe Mei 1882 kuutangaza.

Lakini sheria iliyookoa msitu ndiyo iliyofuta haki ya kuni. Wanakijiji wakalipwa fidia ya pauni 7,000, wakajengewa ukumbi, bado upo Loughton na mlangoni kumechongwa wakata kuni wakiwa kazini. Yaani ukachongewa sanamu ya kazi uliyonyang'anywa. Mwenye njaa ya moto akapewa mahali pa kutembea Jumapili. Hilo ndilo nalisonyea kila nikipita pale, na bado napita, kwa sababu pazuri. Msitu ulihifadhiwa na shoka la aliyekuwa akiutumia, halafu akaambiwa aweke shoka chini. Tumelisikia wapi hilo?

Basi, ndiyo Epping. Kwingine nitawapitisha kwa haraka, chai isipoe.

Milima ya Chilterns iko kaskazini-magharibi, unafika kwa mstari wa Metropolitan, unashuka Amersham au Chesham. Kuiita milima ni heshima tu. Huko mtawaona mwewe. Msicheke! Mwewe wale walikuwa wamekwisha kabisa Uingereza, wamepigwa risasi na kutegwa kama wezi wa kuku, mpaka kuanzia 1990 wakaletwa makinda kutoka Hispania kwa ndege. Ndege wamepanda ndege. Sisi utoto mzima tumerusha mawe kumfukuza mwewe asichukue vifaranga, na wenzetu wanamtumia tiketi. Sasa wamejaa, wanazunguka juu ya nyumba za matajiri mkia kama wa samaki, na watu wanasimamisha magari kuwatazama.

Kusini kuna Box Hill, mita 224. Nilimpigia simu mdogo wangu Moshi nikamwambia nimepanda mlima wa mita 224, simu ikakatika. Mpaka leo anasema ni mtandao.

Na kuna magema ya chokaa ya Seven Sisters, baharini kule Sussex, meupe kama meno ya tangazo. Angalia mguu wako tu, maana bahari inayala kwa chini na ukingo unaporomoka bila kupiga honi. Mwaka juzi tulipanga watu watano kwenda. Bwana mdogo hakutokea. Tukampigia: yuko Seven Sisters, anatusubiri, kasimama nusu saa na haoni bahari. Alikuwa kwenye kituo cha Seven Sisters cha Tottenham, kaskazini ya London, mkononi taulo.

Anakataa kisa hiki kila nikikisimulia. Ndoo ile iliyofudikizwa ni yake, muulizeni.

Nauli? Watu watatu hadi tisa wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano, treni nyingi za upande huu wa nchi zinakata theluthi ya tiketi. Tatu hadi tisa: hicho si kijiwe? Tumekaa hapa miaka yote hatujui kwamba sisi ni punguzo. Tatizo ni Jumapili. Ofu yetu ni Jumapili, na reli zao zinatengenezwa Jumapili. Nimewahi kununua tiketi ya treni, nikafika stesheni nikaonyeshwa basi. Basi likazunguka kila kijiji chenye kanisa. Nilifika ninakokwenda saa ya kurudi.

Ila kuna jambo lingine, na dereva wa basi ndiye aliyelisema, akiwa bado amefumba macho. "Watatutazama." Akanyamaza. Sote tukajua. Ile baa ya kijijini ukiingia mazungumzo yanapungua sauti kidogo, kama redio mtu ameishika. Yule mama anayekuuliza kama umepotea, kwa upole kabisa, nawe ramani umeifungua mbele ya macho yake. Sitawadanganya. Yapo. Mara moja mtu aliniuliza nimekuja kumfanyia nani kazi. Nikamwambia natazama geti.

Lakini yapo na mengine. Ukiwa London ukimwambia mtu asiyekujua habari za asubuhi, anashika pochi. Sasa toka kidogo, shuka kituo cha mwisho, ingia njia yenye mshale wa njano; kila unayepishana naye atakusalimu. Kila mmoja! Mzee, mtoto, mwenye mbwa, wote. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kumtazama anayesalimiwa. Ni watu wale wale wa kwenye treni waliokuwa wameinamisha macho viatuni, wamevuka tu uzio, wamekuwa watu wa Kisarawe. Nikakuta shikamoo inataka kunitoka ulimini.

Siku hizi wapo wengi wetu njiani. Kuna kundi la Black Girls Hike, lilianza 2019. Kuna Muslim Hikers. Unakuta kina dada ishirini wenye hijabu na gambuti wanavuka geti mmoja mmoja. Yale mageti, niwaambie, ya umbo la kibanda, ambayo anapita mtu na ng'ombe hapiti, wenyewe wanayaita mageti ya busu. Kwa sababu mlango unagusa nguzo huku na kule. Mama wa sambusa akasema hiyo sababu ni ya kuwaambia watoto.

Haya. Nikamalizia kwa kumwambia kinyozi: kesho saa tatu asubuhi, Stratford, mstari mwekundu. Akasema ana wateja. Nikamwambia mimi Mzaramo, wewe Msukuma, mtani haombwi, anaamrishwa.

Alikuja. Amevaa viatu vyeupe.

Tulishuka Theydon Bois, kituo kimoja kabla ya Epping. Kile ni kijiji kilichokataa taa za barabarani. Usiku giza tupu, kwa hiari yao, na wanajivunia. Kinyozi alisimama katikati ya barabara akitazama huku na huku kutafuta nguzo. Kijijini kwao waliisubiri gridi miaka mingapi, na hawa wanalipa kodi ili waachwe gizani. Akasonya. Huo ulikuwa msonyo wake wa kwanza wa siku na nilimpa alama zote.

Matope, sitayaeleza. Hayakuwa mengi, ila viatu vilikuwa vyeupe. Tulitembea karibu saa nzima chini ya ile miti yenye vichwa vilivyofumuka, yeye kimya, anapita anapapasa magome kwa kiganja kama anatafuta kovu la shoka. Mahali njia inapojipinda tukakuta familia imesimama: baba, mama, watoto wawili, mbwa. Mbele yao, katikati ya njia, ng'ombe. Wale wenye pembe ndefu za kukunjika, jamii ya Kiingereza ya kale, wanaolishwa humu kutunza majani. Wanne. Mmoja amelala kabisa kama mwenye hati ya kiwanja.

Baba akatuambia, kwa sauti ya chini, kwamba wanasubiri waondoke. Wamesubiri kwa muda gani? Dakika kumi na tano.

Kinyozi akanikabidhi simu yake. Akakunja mikono ya shati. Huyu ni mtu wa Bariadi, kabla ya mashine ya kunyolea alishika fimbo. Lakini miaka 20, nikajiuliza, si inafuta? Akaenda pole pole, si kwa mbele, kwa ubavu, akafika hatua tano akasimama. Akagonga ulimi kwenye kaakaa mara mbili, tko, tko, kisha akatoa mluzi wa chini usioisha, ambao sijapata kuusikia dukani kwake hata siku moja. Yule aliyelala akageuza sikio. Akainuka, nyuma kwanza kisha mbele, akaondoka kwa heshima, wenzake wakamfuata.

Watoto wakapiga makofi. Baba akamuuliza kama yeye ni mlinzi wa msitu.

Akasema, "Ndiyo."

Kisha akaona shingoni mwa wale ng'ombe kitu kama redio. Ikabidi nimweleze: ni kola ya setelaiti. Mpaka unachorwa kwenye simu, ng'ombe akiukaribia kola inamlilia, akikaidi inamshtua kidogo kwa umeme. Zamani walizurura huru mpaka barabarani na kwenye bustani za watu, huku huku kwetu mashariki, hadi 1996 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipowaondoa. Alinisikiliza. Akawatazama wakiishia kwenye miti. "Kwa hiyo mchungaji yuko wapi sasa hivi?"

"Labda nyumbani kwake. Kwenye simu."

Huo msonyo ninyi mlioko Dodoma lazima mliusikia.

Sasa Jumanne nimepita kijiweni, sijafika mlangoni nasikia sauti yake. Ndani kuna mteja kwenye kiti, kijana tu, amekuja kupunguziwa kidogo. Kinyozi mashine iko juu hewani, inanguruma, anaeleza tofauti ya dume la maziwa na dume la nyama. Amefika kwenye miezi kumi. Kwenye meza ya mafuta na vitana kuna ramani ya jalada la machungwa, mpya, imefunguliwa, na nywele zimeangukia Essex yote. Viatu vyeupe vimewekwa dirishani, na matope yake hayajafutwa. Kijana alikuwa amenyolewa upande mmoja.